Shati Langu la Imbeba

Hapa chuoni Kasulu wananiita Imbeba, na siku hizi naitika bila kununa. Mimi ni mtu wa Tanga, na ujuaji ndio ulioniponza.

Mkufunzi wa sanaa alitutaka kila mmoja achague kitu kimoja, akichore na kukiendeleza muhula mzima mpaka atoe pambo la kitambaa. Nilichagua kikapu cha jirani yetu, Mama Neema, chenye michirizi ya buluu ubavuni.

"Mama, hii ni nini?" nikauliza, nikiigusa ile michirizi.

Alikuwa anachambua maharage. "Imbeba," akajibu kwa Kiha.

Sikuuliza zaidi. Kubeba, mbeba, imbeba: nani asiyeelewa? Nikajaza daftari wanawake wanaobeba mavuno, wanaobeba watoto, wanaobeba ukoo mzima. Nikachonga michirizi ile kwenye muhuri wa kiazi, nikapiga chapa kitambaa, hata shati nikashonesha.

Siku ya maonyesho nililivaa, nikahutubia kuhusu imbeba. Waha wote ukumbini wakaziba midomo wasicheke. Mama Neema akainuka taratibu.

"Mwanangu, imbeba ni panya. Alikitoboa kikapu changu, nikaziba matundu kwa nyuzi hizo za buluu za kiroba."

Nikajitazama. Nilikuwa nimejipamba matundu ya panya, kuanzia kola hadi pindo.