Paswedi Mbele ya Mwalimu Mkuu

Jamani, nawaandikia nikiwa bado shuleni.

Asubuhi nilipanga upya kibodi za kompyuta zote tatu za Linux hapa shuleni. Ni za msaada kutoka ng'ambo, kila moja herufi zimekaa kivyake. Kwenye mipangilio ya kompyuta nikazifanya zote zifuate taipureta ya Mama Nekesa, karani wetu; maandishi juu ya vibonye yakabaki yale yale.

Saa nane mwalimu mkuu akaingia. Orodha ya watahiniwa inatakiwa ofisi ya elimu Kakamega leo leo.

Nikapiga paswedi yangu ya kufungua mashine. Ikakataa.

Nikarudia. Ikakataa.

"Umeharibu mashine?" Mkuu amesimama nyuma yangu kabisa.

Mama Nekesa akanisogelea. "Mwalimu, wewe unafuata yenye imeandikwa kwa vibonye, na asubuhi umebadilisha zote. Mimi siangaliangi, vidole vinajua taipureta. Niambie hiyo paswedi nipige."

Nikajifanya najaribu tena. Ningesemaje?

"Sema, mwalimu!" mkuu akanguruma.

"...mzeemkali."

Mkuu akakohoa. (Hata kuku wa nje walikimbia, naapa.)

Mama Nekesa akaipiga, macho yakiwa dirishani. Mashine ikafunguka, orodha ikachapwa.

Mkuu akaichukua, akafika mlangoni, akageuka.

"Kesho uibadilishe hiyo paswedi. Na ile mpya uniletee kwanza niisome."

Sasa niandike nini, jamani?