Mwanafunzi wa Kumi wa Topolojia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwenyekiti wa Idara ya Hisabati hakunipa chaki. Alinipa muhuri, kidau cha wino na kiti chenye mguu uliolegea, akaniambia nikae karibu na mlango. Ilikuwa wiki ya usajili na foleni ya wanafunzi ilikuwa imetoka nje ya jengo. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza shahada ya pili, na nilidhani nimeajiriwa kufundisha.

"Madam, sikiza," Mwenyekiti akaniambia. Alikuwa mzee mpole wa suti moja, Jumatatu hadi Ijumaa. "Kufundisha kila mtu anaweza. Hapa kazi ni kufungua uniti. Isipofunguliwa utafundisha nani? Viti?"

Nyinyi mnaosajiliwa kwa simu mkiwa bado kitandani, wacha niwaeleze. Uniti ni somo moja la muhula mmoja. Miaka miwili ya kwanza hapakuwa na cha kuchagua: kalkulasi, aljebra, zote za lazima. Kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi alichagua baadhi, na hapo ndipo mshauri wa masomo, yaani mimi, alipoingia. Nilitazama kama amepita uniti tangulizi, ile inayojenga msingi wa anayoitaka sasa, kisha nikasaini na kugonga muhuri. Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yasiyoandikwa ni kwamba uniti ya kuchagua ilihitaji wanafunzi kumi. Wakiwa tisa, Mkuu wa Kitivo aliifuta, na mwalimu wake akatumwa kufundisha kalkulasi ya wahandisi katika ukumbi uliojaa hadi madirishani na kipaza sauti kimekufa.

Kwa hiyo tulitafutiana wanafunzi. Desturi hiyo tuliiita kujaza darasa. Mwalimu wa takwimu alikuwa akinipitia asubuhi, "Nisukumie wawili, tafadhali," nami nikimsukumia. Muhula uliofuata yeye alinisukumia mimi. Mwanafunzi aliyefika mezani bila kujua anataka nini tulimgawana kama mandazi ya chai ya saa nne, na hakuna aliyeona ubaya.

Nilifanya hivyo chuoni Thika miaka saba. Nikahamishiwa tawi la Ruiru, ambako idara nzima ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mabati, halafu nikarudishwa Thika. Wenyeviti walipita. Wa pili alikuwa akifoka hadi miwani inaanguka. Wa tatu hakujibu barua hata moja. Muda huo wote nilikuwa na uniti moja moyoni: topolojia, somo la maumbo na yale yanayobaki vilevile hata ukiyavuta na kuyakunja, mradi usiyachane. Niliitangaza kila mwaka, na kila mwaka ikafutwa. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nilichoka na kalkulasi, nikachoka na ule muhuri, nikachoka na sauti yangu mwenyewe.

Mwaka mmoja nikapata wanafunzi tisa. Ilikuwa Alhamisi, usajili ukifungwa kesho yake, na mezani akaja Nekesa. Alikuwa mwaka wa nne, binti wa mama aliyefanya kazi kiwandani, wakikaa mtaa wa Landless. Msichana makini, fomu yake haikuwa na mkunjo. Alikuwa amebakiza nafasi moja ya kuchagua.

"Madam, nimekwama kidogo," akasema. "Nilikuwa nataka ile uniti ya sampuli. Lakini watu wa topolojia wananiambia hiyo ndiyo hesabu ya ukweli. Na zote ni Tuesday asubuhi, siwezi kuchukua mbili."

Sampuli ni uniti ya takwimu: namna ya kuchagua watu wachache wanaoweza kuwasemea wengi. Nilimuuliza anaitakia nini. Akasema kuna ofisi moja inayofanya utafiti wa afya, inachukua wahitimu na kuwafundisha kazi, na hiyo ndiyo kazi aliyoitamani tangu kidato cha pili. Jibu lilikuwa hapo mezani. Hata mtoto wa chekechea angeliona.

Nikamwambia topolojia itamnoa akili, na kwamba sampuli mtu anaweza kujisomea.

Akanitazama. "Aki Madam, kama ningekuwa msichana wako, ungeniambia hivyo?"

"Ningekuambia hivyo hivyo," nikasema, nikagonga muhuri.

Saa kumi na moja jioni hiyo binti yangu Wanjiku akanipigia simu. Alikuwa akisoma hisabati chuo kingine, naye alikuwa akichagua uniti. Nilimuuliza maswali karibu saa nzima: unataka kufanya kazi gani, wapi, wanahitaji nini. Mwishoni nikamwambia, "Na uangalie, mami. Mwalimu akikushawishi sana, muulize kwanza amepata wangapi. Usiwe mtu wa kujaza darasa."

Nilikata simu nikaenda kupika. Sikujisikia vibaya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Topolojia ilifunguliwa. Ulikuwa muhula mzuri kuliko yote niliyofundisha, na Nekesa alipita vizuri. Mwaka uliofuata alikuja ofisini na barua. Ile ofisi ya utafiti ilikuwa imemkataa: haina nafasi kwa mtu asiye na uniti ya sampuli. Niliwaandikia kumsifu. Hawakujibu. Nekesa akaenda kufundisha katika shule ndogo ya sekondari huko Murera, na yuko huko hadi sasa.

Nilistaafu mwaka juzi. Wenzangu walinipa blanketi na hotuba ndefu, wakasema nimeongoza vizazi. Ninakaa Ruiru, magoti yanauma, na nimegundua kwamba mtu aliyestaafu hana darasa la kujaza, kwa hiyo ndipo anapoanza kuona wanafunzi. Mnaofanya kazi hii sasa, kama mmerithi desturi yetu, iacheni.

Mwezi uliopita Nekesa alikuja nyumbani. Alikuja na mdogo wake wa mwisho, Nafula, aliye mwaka wa tatu wa hisabati.

"Madam, huyu anachagua uniti," akasema. "Nikamwambia kuna mtu mmoja tu ninayemwamini."

Niliweka chini kikombe. Ningeweza kunyamaza, mtu wa umri wangu husamehewa kunyamaza. Nikamwambia, "Nekesa, siku ile nilikuwa na watu tisa." Nikamwambia yote, na simu ya Wanjiku pia, neno kwa neno. Nikamwambia naomba msamaha.

Chai yake ikapoa ikafanya utando. Nafula alitazama sakafu.

"Nimefundisha Murera miaka kumi na moja," Nekesa akasema hatimaye. "Nilikuwa nafikiria labda sikuwa na akili ya ile kazi."

Akachukua fomu mkononi mwa mdogo wake, akainyoosha, akaiweka mbele yangu.

"Haya," akasema. "Mwambie huyu ulichomwambia Wanjiku."