239 kwa Rangi Nyekundu

Wanafunzi walimwita mwalimu wao wa hesabu Saba Moja, kwa sababu ya namba aliyoipenda kuliko watoto, moja iliyorudiwa mara saba: 1,111,111. Kila mwaka aliiandika ubaoni na kutangaza kuwa ni namba tasa, haigawanyiki. Aliigawa kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, na kila mara ikabaki moja.

Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma alijaribu kumi na saba daftarini mwake. Ikabaki nane. Akanyoosha mkono, akasema mtindo wa moja umevunjika, basi huenda mbele kuna namba inayoigawa. Saba Moja alimpigisha magoti mlangoni mpaka kengele ya mwisho.

Nyumbani msichana aliendelea kugawa, tasa moja baada ya nyingine, jioni tisa mfululizo, mama yake akilalamikia vyombo visivyooshwa. Kwenye 239 hakikubaki kitu: ni 239 mara 4,649. Alipompelekea mwalimu karatasi, mwalimu hakuisoma. Aliifutia chaki vidoleni, na muhula uliofuata akamwondoa darasa la hesabu. Ndoto yake ya uhandisi ikaishia hapo. Mjomba wake, mchora mabango, akamtia brashi mkononi.

Kwa miaka ishirini na miwili aliandika majina ya saluni na maduka ya dawa. Herufi zake zilinyooka, nyongo haikushuka.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule ile, mama mpole, alipofika karakanani. Saba Moja anastaafu, akasema, na ameomba namba yake iandikwe kwenye ukuta wa chumba cha hesabu, na chini yake neno "Haigawanyiki". Mjomba aliiona sura ya mpwa wake, akamkumbusha kuwa yaliyopita si ndwele. Akajibiwa kwamba hii ni ndwele, tena sugu.

Siku ya sherehe pazia likavutwa mbele ya wazazi. Namba ilikuwa nyeusi, imenyooka vizuri. Chini yake, kwa nyekundu: = 239 × 4,649.

Baba mmoja alibonyeza kikokotoo cha simu yake, akamwonyesha jirani. Kicheko kikatambaa kiti hadi kiti.

"Sikukuagiza hivi," Saba Moja akamwambia mchoraji, aliyesimama kando ya pazia.

"Zidisha mwenyewe, mwalimu. Chaki hiyo hapo."

Alizidisha ubaoni, mgongo kwa watu. Alipofika mwisho aliweka chaki chini, akamgeukia.

"Nilikufundisha wewe?"

"Mimi ndiye niliyeuliza juu ya kumi na saba."

Alimtazama sana, kisha akatikisa kichwa. Hakumkumbuka. Aliondoka kabla ya chakula, kofia mkononi.

Mwalimu mkuu aliuacha ukuta ulivyo, kwa kuwa ulisema kweli. Mjomba alinuna siku mbili, kisha akamuuliza mpwa wake kama anajuta. Alisema hapana, hata chembe. Ila alitamani yule mzee angemkumbuka, ndipo imuume sawasawa.