Mbaazi ya Nane

Kila nikitoa mbaazi mbichi kwenye maganda, ile harufu hunirudisha darasani. Shairi la Kiamu, ambalo sisi Wakamba hatukuelewa hata nusu yake, lilikuwa ubaoni. Tulipanga mbaazi moja kwa kila silabi, nane kila kipande. Vina nilivipata, kibwagizo nikakionyesha. Mizani ikatoka saba.

"Hesabu tena," mwalimu alisema, fimbo ikigonga dawati langu.

Saba.

"Ya nane iko wapi?"

Nilikaza midomo. Ilikuwa chini ya ulimi, na tangu jana sikuwa nimekula kitu.

"Fungua mdomo."

Nikafungua. Nyuma yangu mtu akameza, kisha mwingine.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, akageuka, akafuta ubao.

"Basi kuleni shairi," akasema. "Kuleni lote."