Fyuzi ya Gari la Mahona

Nyanjige alijulikana Bariadi kwa kutobahatisha. Mafundi wengine wa umeme wa magari wakikuta taa haiwaki hubadilisha balbu, isipowaka hubadilisha swichi, na isipowaka tena humlaumu fundi aliyewatangulia. Yeye alipima kwanza. Alizaliwa Nkololo, kwa watu wa ng'ombe na pamba, akasomea ufundi Shinyanga akiwa msichana peke yake darasani. Sasa, akiwa na miaka arobaini na mbili na gereji yake ya mabati, hakuna mteja aliyemwuliza tena kama fundi mwenyewe ni mume wake.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja, Wilhelmina, afisa mifugo aliyehamia kutoka Bukoba, alimletea pikapu nyeupe. Alikuwa ameinunua wiki mbili nyuma kwa mfanyabiashara mmoja wa pamba aliyekuwa anapunguza magari yake.

"Fundi, gari halina neno," alisema. "Ila hili tundu la kuchajia limekufa. Nina friji ndogo ya chanjo za kuku. Bila umeme, nikifika Lingeka chanjo zote zimeshaharibika kwa joto."

"Lilikufa lini?"

"Nililikuta hivyo hivyo."

Nyanjige akachomoa fyuzi ya tundu lile. Imeungua. Akaweka mpya, akawasha swichi, nayo ikaungua kabla hajaondoa mkono. Ya pili vilevile.

"Kuna waya unagusa bodi ya gari mahali fulani," alisema. "Niachie. Nitautafuta kwa utulivu."

Siku ile alikuwa na foleni ya magari, kwa hiyo aliacha nafasi ya fyuzi tupu, akafunga milango ya pikapu, akatia ufunguo mfukoni.

Jumanne alishinda chini ya lori lenye starta mbovu. Kwenye saa tisa alasiri mvua ikaja kwa mkupuo, ile mvua ya kwanza inayonukia vumbi, na bati la gereji lilikuwa linavuja. Akakimbilia kwenye pikapu, akajifungia ndani, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Usingizi ukamchukua nusu. Katika hali ile ya kulala na kutolala alisikia sauti ya bibi kizee, mbali, ikiongea Kisukuma polepole, ikinyamaza kidogo, ikiendelea, kama mtu anayeongea na mwenzake asiyejibu. Akadhani ni redio ya fundi cherehani, jirani yake. Mvua ilipokatika, na sauti ilikatika.

Jumatano mchana ndipo alipolishika tundu lenyewe. Alitenganisha betri, akafungua plastiki ya dashibodi kwa bisibisi, akachungulia. Nyuma ya tundu palikuwa na nyaya mbili za kiwandani, na wa tatu usio wa kiwandani: mwembamba, mwekundu, umesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa plasta ya kidonda. Akaufuata kwa vidole. Ulipita nyuma ya droo ya dashibodi, na pale ulipobanwa na chuma cha droo ganda lilikuwa limelika, shaba iko nje, inagusa chuma.

"Ndiye wewe," aliuambia.

Lakini waya haukuishia pale. Uliendelea mpaka kwenye kichwa cha chaja kilichovuliwa ganda, na kwenye chaja ile pameunganishwa simu ndogo ya vibonyezo, imeviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Nyanjige akaibonyeza. Haikuwa na uhai wowote.

Akalifunga jeraha la waya kwa tepu nyeusi, akausogeza mbali na chuma, akarudisha betri, akaweka fyuzi. Swichi. Safari hii fyuzi ilishika. Aliingiza taa ya kupimia kwenye tundu, ikawaka vizuri. Kazi ilikuwa imekwisha. Ule waya mwekundu alipaswa kuukata, maana haukuwa wa gari, na mkasi alikuwa nao mkononi. Hakuukata.

Akampigia Wilhelmina aje, kisha akaenda kunawa mikono kwa sabuni ya unga. Alikuwa bado ana povu mpaka viwikoni aliposikia simu inaita ndani ya pikapu.

Hakuwa ameiwasha. Alijiambia kwamba huenda simu za zamani hujiwasha zikipata chaji. Akaiendea; kwenye kioo chake kidogo paliandikwa MAYU, yaani mama. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Akapokea.

"Mahona," sauti ikasema kwa Kisukuma. Ilikuwa sauti ileile ya jana. "Leo umewahi. Juzi dada yako alinicheka niliposema umepokea. Jana pia umepokea, hukuongea, lakini nilikusikia unapumua. Na mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Nikajua uko ndani, hulowi."

Nyanjige akakaa kwenye kiti cha dereva. Jana. Fyuzi alikuwa ameichomoa mwenyewe tangu Jumatatu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Na fundi cherehani, akakumbuka sasa, alikuwa amekwenda msibani Maswa tangu Jumapili; kibanda chake hakikufunguliwa.

"Mwadila, mayu," alimwamkia mwishowe. "Mimi si Mahona. Ni fundi, naitwa Nyanjige. Niko Bariadi. Nimeikuta hii simu ndani ya gari."

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Gari jeupe?"

"Ndiyo, mayu."

"Basi ndilo. Alikuwa dereva wa hilo gari. Nilimzika mwenyewe mwezi wa tisa, mwanangu, akili yangu ipo. Simu yake hatukuiona. Alisema ameificha garini ili isizime kamwe, hata awe porini, nikipiga nimpate." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo jana ni wewe uliyekuwa unapumua?"

Nyanjige aliangalia usukani, mahali alipolaza kichwa.

"Huenda ni mimi, mayu."

"Na aliyepokea je?"

Simu ilipokatwa Nyanjige alifungua orodha ya simu zilizopokelewa. Zilikuwa tatu juu kabisa, ya leo, ya jana na ya juzi, zote MAYU, na ya pili ilikuwa ya dakika tisa. Akampa Wilhelmina aangalie alipofika, ili asiwe peke yake aliyeona. Wilhelmina, mtu wa maabara na vipimo, aliisoma mara mbili, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Jumatatu gari lilikuwa kwako?"

"Kwangu. Limefungwa."

Wilhelmina akasema Jumamosi angempeleka kwa huyo mama.

Jumamosi walikwenda wote wawili Shishiyu, kijiji alichowaelekeza yule mama kwa simu, friji ya chanjo ikinguruma kwenye tundu lake bila shida. Milembe, mama yake Mahona, aliwapokea uani, bibi mwembamba mwenye macho makavu. Hakuuliza simu. Aliuliza mwanawe alikuwa anakaa kiti kipi, akapandishwa, akakaa mikono mapajani, akitazama mbele kupitia kioo kama gari linatembea. Mbuzi wawili walikuja mpaka mlangoni wakasimama. Alikaa muda mrefu kiasi kwamba binti yake alianza kulia jikoni.

Aliposhuka, Nyanjige alimpa simu kwa mikono miwili. Milembe akakikunjua kile kitenge, akaitazama, akakikunja tena.

"Nikikaa na simu zote mbili, nikipiga nani atapokea?" alisema. "Kaa nayo wewe. Ikiita, pokea. Si lazima useme neno."

"Mayu, mimi sitaweza kuwa Mahona."

"Sijakuomba uwe Mahona. Nimekuomba upokee."

Nyanjige alimtazama Wilhelmina, lakini Wilhelmina alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa tayari imefungwa.

Waya mwekundu aliutoa wiki iliyofuata. Simu anaichaji gerejini kwake kama simu nyingine yoyote, na huhakikisha imejaa kabla ya saa nane. Inapoita huweka bisibisi chini, huenda nyuma ya gereji penye vipande vya magari, na kusikiliza habari za ndama, za panya kwenye ghala, za choroko zilizochelewa kuota. Wateja wamezoea kumsubiri. Mara nyingine Milembe huliita jina la Mahona katikati ya maneno, kisha hunyamaza kidogo, na Nyanjige hujikuta naye amebana pumzi, ili yeyote anayetaka kuitika apate nafasi.