Mpini wa Mwiko na Giaboksi ya Shangazi

Nakumbuka, mwanangu, Alhamisi moja ya jua la alasiri, nimelala chali juu ya gunia uvunguni mwa pikapu ya Shangazi Mwanahawa. Uso umejaa grisi, moyo unadunda kama wa bwana harusi. Kando yangu, juu ya jeki, ilikaa giaboksi. Nilikuwa nimebakiza kuisukuma tu, ikutane na injini, kazi kubwa iishe.

Sikuwa fundi. Nilikuwa kijana wa duka la vitenge, naujua mshono kuliko nati. Lakini kila nikifunga duka nilipita Gerezani, mtaa wa magereji na spea, nakaa na mafundi, nauliza hiki ni nini na kile kinafanya nini, mpaka wakaniita Bwana Maswali. Leo nakuona wewe umeinamia simu, unatazama watu wa mbali wakishusha giaboksi, macho yanakung'aa. Nayajua macho hayo. Ndiyo maana nakuandikia. Sikukatazi. Kaa tu unisikilize.

Shangazi alikuwa mpishi wa shughuli. Hapa Kariakoo, harusi bila pilau yake watu waliiita kikao. Masufuria yake alikuwa akiyapeleka kwa pikapu ile, nayo ilikuwa ya otomatiki, kitu cha nadra kwa pikapu siku zile. Ikiwa tupu, ilikwenda vizuri. Ikibeba masufuria na kuni, ikifika kwenye mlima wa Kimara, injini inanguruma na tairi hazisogei, kama mtu anayepiga kelele bila kunyanyua mguu. Siku moja ilimwacha njiani akienda harusi ya huko Kimara, pilau ikafika wageni wameshaaga. Watu wa shughuli wanasahau mengi, lakini pilau iliyochelewa hawaisahau. Maneno yakaanza: Bi Mwanahawa sasa mzee, apike za hapa hapa mtaani.

Basi familia moja ya Kimara ikampa kazi nyingine, harusi ya Jumamosi, na yeye akaipokea. Nikamwambia, "Shangazi, niachie gari. Nitalitolea giaboksi hiyo, nilitilie ya gia za mkono. Mlima wote utaupanda unaimba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe muuza vitenge?"

"Mimi, shangazi."

"Haya. Ila ujue, nimetoa neno. Jina langu liko uvunguni humo pamoja na wewe."

Mwanangu, sijawahi kufurahi vile! Mimi na rafiki yangu Chande, mbeba mizigo wa sokoni, tulikwenda Gerezani kwa wauza spea za mtumba tukiwa na kipande cha chuma cha injini yetu mkononi, kwa sababu spea hainunuliwi kwa maneno, hununuliwa kwa kulinganisha. Tukapata giaboksi kutoka gari lenye injini kama yetu, pamoja na klachi yake, pedali yake na shafti yake ndefu ya kuzungusha tairi za nyuma. Vyote tukavipakia kwenye mkokoteni wa Chande, tukaviburuta hadi nyumbani. Njia nzima watu wanatutania.

"Oya Chande, huyo marehemu mnamzika wapi?"

"Hatuziki, tunafufua!" Chande anajibu, jasho linamtiririka.

Gari tuliliweka ubavuni mwa nyumba, tukalinyanyua na kulikalisha juu ya vipande vya mataruma ya reli, yale magogo mazito yasiyotikisika. Hapa nisikilize vizuri hata kama mengine utayaruka. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Gari lisilokalia kitu imara usilitie hata mkono, seuze kichwa.

Kutoa ya zamani hakukuwa na taabu. Kila bolti niliyofungua niliichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokichora umbo la giaboksi, kila moja mahali pake. Utamu wa kazi ile! Kila nati ikilegea nasikia kama nimefunguliwa siri. Majirani wakawa wanapita kuchungulia, nami nawaeleza kama mwalimu: giaboksi ni ya kugawa nguvu, gia ndogo kwa mlima, gia kubwa kwa tambarare. Klachi ni sahani iliyobanwa katikati ya injini na giaboksi. Ukikanyaga pedali, injini na giaboksi zinaachana mikono. Ukiachia, zinashikana. Hata Mama Rehema, jirani wa chumba cha pili, akasema, "Kumbe ni kama ndoa." Tukacheka sana.

Tabu ikaja Alhamisi hiyo niliyoanza nayo. Nilisukuma giaboksi, ikaingia, ikaingia, halafu ikagoma. Ikabaki nafasi ya kupitisha kidole kati yake na injini. Nikaitikisa. Nikaizungusha. Nikaibembeleza. Ikakaa pale pale. Ndipo ujana ukanishauri vibaya. Nikatia bolti mbili ndefu, nikaanza kukaza kwa spana, nikisema bolti zitaivuta zenyewe.

Bolti ikalia. Mlio mwembamba, kama mbwa mdogo aliyekanyagwa mkia.

Shangazi alikuwa barazani anamenya vitunguu vya Jumamosi. Kisu kikanyamaza.

"Hemedi! Nini kinacholia humo?"

"Bolti, shangazi. Inaingia."

"Kinachoingia hakilii hivyo. Toka."

"Bado kidogo tu, shangazi, nakaribia ku..."

"Toka, nimesema! Kidogo tu ndiyo iliyopasua chungu cha mama yangu."

Nikatambaa nje, nikaitupa spana mchangani. Chande akageuza uso ili nisimwone anacheka. Shangazi akaja, mikono inanuka vitunguu, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Mimi giaboksi siijui," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nakujua wewe. Tangu mdogo, kitu kikikukatalia unakipiga. Mlango ukigoma, mwenye akili huchungulia kwenye tundu, mwenye hasira huuvunja, na mlango ni wake. Hicho chuma hakikuchukii. Kuna kitu kinakwambia. Umekiuliza?"

Mwanangu, maneno yale yalinipoza kuliko maji ya mtungi. Bwana Maswali alikuwa ameuliza Gerezani yote, lakini chuma chenyewe hakukiuliza. Nikarudi, nikazifungua bolti zangu, tukaishusha giaboksi, nikachukua tochi, nikachungulia.

Nikaona. Ile sahani ya klachi, niliyotangulia kuifunga kwenye injini, niliikaza kwa kukisia kwa jicho, nayo ilikuwa imeshuka pembeni kidogo. Shafti fupi inayochomoza mbele ya giaboksi inatakiwa ipite katikati ya sahani, kisha ncha yake iingie kwenye tundu dogo la injini lililo nyuma yake. Matundu mawili yasipokuwa mstari mmoja, utasukuma mpaka kesho. Na ningeendelea kukaza, ningepasua ganda la giaboksi, na Jumamosi ingekuwa imekwisha palepale.

Nilihitaji kitu kirefu cha mviringo, chembamba nchani, nipenyeze matundu yote mawili huku nakaza. Mafundi wana kifaa chake, lakini Gerezani walikuwa wameanza kufunga. Nikatazama huku, nikatazama kule, macho yakatua ukutani. Pale ulisimama mwiko mkubwa wa pilau, mpini mrefu, umelainika kwa miaka ya mikono, nchani umechongoka kama umechongwa kwa ajili yangu.

Sasa elewa jambo moja. Mpishi wa shughuli haazimi mwiko wake. Atakuazima sufuria, atakuazima hata mkeka wake wa kuswalia. Mwiko ule shangazi aliachiwa na mama yake, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliowahi kuukorogea pilau. Nikasimama mbele yake, nikaunyooshea kidole.

"Shangazi... mwiko."

"Mwiko umefanyaje?"

"Nauomba. Mpini wake. Niutie kwenye injini."

Chande akasema, "Hapo leo tunazikwa wote."

Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga. Akatazama gari. Akatazama vitunguu vyake. Halafu akajifunga kanga ya pili kiunoni, akauchukua mwiko mwenyewe.

"Hutaushika wewe. Nitaushika mimi. Nionyeshe pa kuingiza."

Wallahi, mwanangu, aliingia uvunguni! Nililegeza bolti za klachi, tukauviringishia mpini utepe wa umeme mpaka ukalijaza tundu la sahani bila kulegea, ncha yake ikaingia kwenye tundu la injini. Shangazi akaushika umenyooka, mimi nazikaza bolti za klachi kidogo kidogo, moja upande huu, moja upande wa pili, ili isivutwe pembeni. "Taratibu," ananiambia. "Usiunguze." Nikakaza ya mwisho. Akauchomoa mwiko, ukateleza kutoka kama kisu kwenye samli.

Tukaita majirani. Nilikuwa nimetaka kuwashangaza peke yangu, lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na giaboksi ni nzito kuliko majivuno. Wakainyanyua, nikailenga, tukasukuma. Ikaingia yote, bila kelele, ikakaa. Tok! Mpaka leo nikiukumbuka mlio ule mwili unanisisimka.

Ijumaa baada ya swala tukamalizia pedali, shafti ya nyuma na oili, tukalishusha gari kwenye mataruma. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaachia pole pole. Gari likasogea! Mama Rehema akapiga kigelegele, Chande akakimbia mbele ya gari akipunga mikono kama askari wa barabarani. Nikazunguka hadi Mnazi Mmoja na kurudi, nabadili gia hata pasipo na haja, kwa raha tu.

Jumamosi alfajiri tukaanza safari, masufuria yamejaa nyuma, shangazi pembeni yangu amepakata mwiko wake aliousugua kwa majivu na ndimu. Tulipofika chini ya mlima wa Kimara akaushika mwiko kwa mikono miwili. Nikashusha gia. Gari likavuta pumzi, likapanda. Halikulalamika. Tulipofika juu akacheka kama msichana, akagonga dashibodi kwa mpini: "Vuta, mwanangu, vuta! Leo watakula pilau ya moto!"

Na wakala ya moto. Walioaga mapema safari ile, safari hii walirudia sahani.

Basi, mwanangu, ukitaka kuifungua giaboksi yako, ifungue. Raha ya kukielewa kitu kwa mikono yako haiuzwi dukani. Anza mapema, usiliwekee gari ahadi ya kesho asubuhi. Likalishe juu ya kitu imara. Kila bolti iipe mahali pake. Video itakuonyesha mkono wa mwenzio, haitakuonyesha sahani yako imekaa vipi. Kitu kikigoma, weka spana chini, chukua tochi. Chuma kinacholia kinazungumza, na hasira ni kiziwi. Wala usione aibu kuomba, hata kuomba kile usichodhani utapewa.

Mungu aibariki mikono yako, aijaalie nguvu na aitie subira. Akuepushe na jeki inayoteleza na kichwa kinachojua yote. Akupandishe milima yako yote ukiwa umebeba mzigo wako kamili. Na siku itakapogoma, akupe mtu anayekupenda kiasi cha kuingia uvunguni na kukushikia mwiko.