Mikono Iliyombeba Arvella

Denver Slone hakuwahi kudhurika na mtambaa wa sumu, mmea ambao utomvu wake huwasha na kuchubua ngozi. Alipokuwa mdogo babu yake alimlisha majani yake machanga ndani ya mkate, kama walivyofanya wazee wengi wa milima ya Kentucky, na tangu hapo aliamini mwili wake umeshapatana na mmea huo. Kila mwaka, kabla ya Jumapili ya kupamba makaburi, yeye ndiye aliyeung'oa kwenye makaburi ya ukoo, mikono mitupu, wenzake wakimtazama kwa mbali.

"Huyo si mtu, ni mbuzi," walimtania, maana mbuzi huula wasipate neno.

Mwaka huu mmea ulimpata. Ilianza mistari myekundu kwenye vifundo vya mikono, kisha uvimbe hadi viwikoni. Malengelenge yakapasuka. Mwasho wake, upupu ungekuwa nafuu.

Angekuwa peke yake angejifungia ndani alie. Lakini mkewe, Arvella, alikuwa kitandani tangu kiharusi kilipoua upande wake wa kushoto, na mikono hiyo ndiyo iliyomwinua, ikamwogesha, ikamlisha. Trena, binti yao aliyeishi mjini Lexington, alikwisha kusema wakati wa Pasaka: "Baba, siku utakayoshindwa kumwinua mama, namchukua nimpeleke nyumba ya wazee. Hatutabishana."

Kwa hiyo Denver alinyamaza. Alishuka kijitoni, akakata mashina mororo yenye majimaji ya mmea wa dawa uotao kivulini, akayachemsha, akajikanda. Nafuu ilidumu muda wa kunywa kahawa. Akapaka magadi. Akapaka mtindi na chumvi, akanuka kama zizi. Akajaza shayiri ya uji ndani ya soksi, akailoweka katika maji baridi na kujikanda taratibu, na hiyo ikamtuliza hata akasinzia kando ya beseni. Alipozinduka alikuwa amejikuna mpaka damu. Akili ikamruka. Akachukua dawa ya kung'arishia nguo, akajimiminia, akang'ata taulo.

"Denver," Arvella aliita kutoka chumbani, maneno yakimtoka moja moja. "Unachinja nguruwe humo?"

"Nanyoa ndevu."

"Kwa dawa ya kung'arishia nguo? Harufu imefika huku. Njoo nikuone, mzee."

Alikuja ameteremsha mikono ya shati hadi viganjani. Arvella akamwamuru aikunje. Aliitazama kwa muda mrefu mikono ile iliyochubuka.

"Leo majani yamemla mbuzi."

"Usinichekeshe, mama Trena. Nikicheka nawashwa."

"Na ndiyo mikono unayonibebea?"

"Haiambukizi. Maji ya malengelenge hayana sumu. Sumu ni ule utomvu, nami nimeshauosha wote."

 Arvella aliomba aletewe ile soksi ya shayiri, na kwa mkono wake mmoja mzima akaanza kumkanda kutoka kiwikoni kushuka, polepole. Denver alitazama ukutani. Machozi yalimtoka, naye akayaacha.

Ilipofika saa ya kumpeleka chooni alimwinamia, akampitishia mikono makwapani kama siku zote. Ngozi iliyolowa ikateleza, maumivu yakampanda hadi mabegani, naye akaona hawezi. Alichoweza ni kumzuia asianguke kwa kishindo. Wakashuka pamoja sakafuni, vazi la Arvella likapanda, na hapo akaiona mistari myekundu mgongoni mwake, ile ile, mipana kama vidole.

Akakumbuka. Siku ya kung'oa mmea alirudi mbio mchana kumwinua, shati likiwa halijabadilishwa, mikono haijanawa.

"Tangu lini?"

"Juzi. Sifikii kujikuna."

"Mbona hukusema?"

"Ungemwita Trena."

Walikaa sakafuni wameegemea kitanda. Denver alichovya soksi, akamkanda mgongo kila mahali asipofikia, mpaka akamsikia akishusha pumzi. Alijaribu tena kumwinua. Akajaribu kwa magoti, akajaribu kwa shuka. Arvella alikuwa mwepesi siku hizi, kama mtoto, na bado hakuinuka.

"Tukae tu hapa," Arvella alisema. "Tutazoea."

"Utapata vidonda, mpenzi."

"Usipige simu, Denver."

Denver akaishusha simu kutoka mezani kwa viwiko, akabonyeza kwa fundo la kidole.

"Trena," alisema. "Siwezi kumwinua."

 Binti yake alisikika akitafuta funguo za gari.